Matofali Mawili

Kazi yangu ni ulimi.
Miaka kumi na tisa kiwandani, hapa Moshi,
napanga vikombe, namimina maji ya moto,
nangoja dakika nne,
navunja utando kwa kijiko, nanusa,
navuta kwa mluzi unaoshtua wageni,
kisha natema ndooni.
Hii ya Uru, nasema, imeanikwa kwa haraka.
Hii ya Kibosho, ina ndimu kwa mbali.
Wananilipa kwa kutema.

Ila kila siku kimoja nilikimeza.
Kile bora.
Utatemaje kitu ambacho mama mmoja wa Mweka
amekichuma punje kwa punje, mvua ikimnyeshea mgongoni?

Kiungulia kilianza kama deni dogo.
Baada ya kitimoto cha Jumamosi, kinabisha hodi.
Baada ya pilau la msiba, hodi.
Nikalamba magadi, nikapiga mbweu, nikacheka.
Kisha kikaacha kubisha.
Kikawa mwenye nyumba.
Saa nane usiku kinapanda toka chembe cha moyo hadi kooni,
kichachu kama mbege iliyosahaulika mtungini,
nami nimeketi, kifua nimekishika,
nahesabu wanaonidai.

Ndeshi akawasha taa.
"Ni moyo?"
"Ni moyo."
Asubuhi, Mawenzi. Wakanibandika nyaya,
karatasi ikatoka na vilima vyake vidogo,
vyote sawasawa.

Daktari Nakijwa, Mpare, hana neno la ziada.
"Moyo mzima, mzee Eliamani.
Mlango wa tumbo ndio umelegea.
Usiku unakula saa ngapi?"
"Saa nne."
"Unalala saa ngapi?"
Nikatazama kalenda ukutani.
"Unafanya kazi gani?"
Nikaitazama zaidi.

Kidonge kimoja asubuhi, nusu saa kabla ya chai,
si baada, si utakapokumbuka. Wiki nane.
Chakula cha jioni jua likiwapo.
Nyanya, pilipili, mchuzi unaoelea mafuta: vipumzishe.
Chakula kikikwama, ukikonda bila sababu, ukitapika cheusi,
njoo siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu.
"Na kitanda kiinue upande wa kichwani.
Si kwa mito. Kwa matofali."
"Na kahawa?"
"Kutema, tema. Kumeza, tutaona."

Matofali nilipewa na fundi Kisamo wa Njoro,
yalibaki alipojenga choo.
Usiku wa kwanza Ndeshi aliteleza hadi miguuni.
"Umenihamishia Machame," akasema gizani.
Siku hizi tunaamka tumerundikana kule chini
kama magunia mawili kwenye kona ya lori,
na miaka kumi hatujalala karibu hivi.

Saa kumi na moja jioni, mtori.
Ndizi, nyama isiyo na mafuta, pilipili hakuna.
Wiki ya kwanza nilinung'unika:
"Hiki chakula cha wazazi. Mimi nimezaa nini?"
"Usingizi," akajibu, akaniongezea upawa.

Na kweli, wiki ya tatu nililala mpaka jogoo.
Sikuamini. Nikajipapasa kifua
kama mtu anayetafuta pochi kwenye msongamano wa Mbuyuni.

Sisemi nimekuwa mtakatifu.
Krismasi, nyumbani, kata ya mbege ilizunguka,
nikalowesha midomo, nikampasia shemeji.
Ikazunguka tena.
Mara ya tatu sikulowesha, nilikunywa,
na usiku ule nililipa, taslimu.

Juzi kikombe cha Mweka kilifika mezani.
Nilikijua kabla ya kijiko.
Nikavuta. Nikakiacha kitembee ulimini
huku na huku, nimefumba macho,
mpaka kijana Anaeli, anayejifunza, akauliza:
"Mzee, umemeza?"

Nikainama ndooni, nikatema polepole.
"Hapana," nikamwambia.
"Nilikuwa namsindikiza mgeni.
Nimemfikisha getini tu."